MALI BILA DAFTARI
Habari za bibi aliyeandika mambo ya wazee wa Unyakyusa

Siku hizi vijana wetu wakipata simu hupenda michezo ya falme za kubuni. Humo mna milima isiyokuwako na wafalme wasiozaliwa. Pengine mna pia mzee mwenye ndevu nyeupe, kazi yake ni kukaa na kitabu kikubwa na kuandika tarehe ya ufalme ule tangu mwanzo. Kijana humsoma, akajua nani alimshinda nani na katika vita gani. Lakini muulize kijana yule yule: Babu wa babu yako alitoka wapi, naye alifikaje hapa Kyela? Atatazama chini.

Basi leo, wasomaji wapenzi, twawaletea habari za mwandishi wa kweli, aliyeandika mambo ya nchi hii ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mpaka uzee wake. Naye hakuwa mzee mwenye ndevu, bali mwanamke. Jina lake Monica Wilson.

Alikuwa nani?

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1908 huko Lovedale, Afrika Kusini, katika nyumba ya wamisionari wa Kiskoti. Alisoma Cambridge, Uingereza, na mwaka 1935 akaolewa na Bwana Godfrey Wilson. Bwana Godfrey alikuwa amekwisha kuanza kazi Unyakyusa tangu mwaka 1934. Mke akamfuata, wakajifunza Kinyakyusa, wakakaa na watu mpaka mwaka 1938. Walihudhuria misiba na arusi, wakauliza, wakaandika. Karani na mkalimani wao alikuwa Mnyakyusa, Bwana Leonard Mwaisumo. Tusimsahau, kwa maana bila watu kama yeye mgeni asingeelewa hata nusu ya aliyoyasikia.

Mwaka 1944 Bwana Godfrey akafariki, akamwacha mjane na watoto wawili wa kiume. Madaftari yamejaa, vitabu havijaandikwa. Wengine wangefunga sanduku. Yeye alifundisha kazi ya ualimu wa chuo kikuu, akalea wanawe, na pole pole akayafungua madaftari yale. Kitabu cha kwanza cha Wanyakyusa kilitoka mwaka 1951, cha pili mwaka 1957, cha tatu mwaka 1959. Katikati, mwaka 1955, alirudi mwenyewe kuona yaliyobadilika. Kitabu cha nne kilitoka mwaka 1977, naye alikuwa amekwisha kustaafu, mwenye umri wa karibu miaka 70. Humo alieleza mabadiliko tangu mwaka 1875 hata 1971. Alifariki mwaka 1982.

Aliyoyasikia

Wazee walimweleza habari za vijiji vya rika. Mvulana wa miaka kumi hivi aliacha kulala kwa baba yake, akajenga kibanda pembeni pamoja na wenzake. Chakula walikula kwa mama zao, kundi zima likienda leo nyumba hii, kesho nyumba ile. Walipokua walileta wake zao pale pale, kibanda kikawa nyumba, na nyumba zikawa kijiji. Sababu moja ilikuwa ile heshima kubwa baina ya mkwe na mkwe. Nyingine ni jambo ambalo Wanyakyusa huliita ukwangala, yaani kukaa na wenzako kwa mazungumzo mema, kula na kunywa pamoja. Kwa ajili hiyo kitabu cha mwaka 1951 kikapewa jina lenye maana ya urafiki mwema.

Lakini bibi hakusifu tu mambo ya kale. Alionyesha pia kwamba ng'ombe za mahari walikuwa mikononi mwa wazee. Hivyo wazee walioa wake wengi, vijana wakangoja miaka mingi, na wasichana wakaolewa wangali wadogo. Vijana walipopata mshahara kwenye dhahabu ya Lupa au katika migodi ya mbali, waliweza kununua ng'ombe wao wenyewe. Kahawa milimani na mpunga huku tambarare vikaipa ardhi thamani mpya, na kila mtu akashika shamba lake. Basi vijiji vya rika vikafifia.

Kila simulizi lina mwenyewe

Hapa ndipo penye fundisho. Yule mzee wa mchezo wa simu hawezi kukosea, maana ufalme wake ni wa kubuni, wala hakuna mtu atakayenyang'anywa shamba kwa kosa lake. Kwetu sivyo. Mathalani, masimulizi yasema kwamba koo za watawala, akina malafyale, zilishuka kutoka milima ya Ukinga zikileta moto na ng'ombe, na kwamba wenyeji waliowakuta walikuwa wakila chakula kibichi. Je, nani asimuliaye? Simulizi hili lawapa heshima watawala, lawaaibisha wenyeji. Mwenye busara hulisikiliza, huliandika, kisha huenda nyumba ya pili kusikia neno lao.

Hata kazi ya akina Wilson imepimwa na wengine. Mwaka 1969 Bwana Simon Charsley alitoa kitabu chake juu ya watawala wa Wanyakyusa, na mwaka 1973 mtaalamu McKenny akayapima upya maelezo yao juu ya vijiji vya rika. Hilo si tusi. Daftari lililoandikwa laweza kusahihishwa, lakini neno lililozikwa na mwenyewe halina wa kulisahihisha.

Na sisi je?

Madaftari ya akina Wilson yanatunzwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Vitabu vile vinne viliandikwa kwa Kiingereza. Maneno yalitoka Selya na kando ya ziwa, yakaenda mbali, na wajukuu wa wale waliosema ni wachache wanaoweza kuyasoma. Bibi yule alifanya sehemu yake. Je, sehemu yetu ataifanya nani?

Baba na mama, daftari la shule latosha. Jioni, mkiisha kula, mtoto anayejua kuandika na akae karibu na babu. Aandike jina la msemaji, siku na mahali. Aandike kwa lugha ile ile ya msemaji, asipambe, asikate. Kisha aende kwa mzee wa ukoo mwingine, na wakitofautiana ayaandike yote mawili. Wala asimsahau bibi. Habari za ndoa, za njaa, za magonjwa ya watoto na za kazi ya shamba, mara nyingi yeye ndiye azijuaye zaidi.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hivyo juu ya fedha za dukani, lakini wazee wetu ni mali kuliko fedha. Msingoje matanga ndipo muulizane marehemu alizaliwa wapi. Yuko barazani sasa hivi. Mpelekeeni kiti, mkamwulize.