Miguu Nje, Mtoto Amejificha

Jioni katika mtaa wa Kasenga, mjini Uvira, mchezo wa kujificha hauhitaji uwanja. Pazia la mlangoni linatosha. Mtoto wa miaka mitatu anaingia nyuma yake, anajifunika macho kwa viganja, anatulia tuli. Miguu yote miwili iko nje, imejaa vumbi, na tumbo limelisukuma pazia mbele. Dada yake anapouliza kwa sauti kubwa yuko wapi, jibu linatoka papo hapo: "Siko!" Nyumba nzima inaangua kicheko. Mwenyewe anabaki pale pale, macho yamefunikwa, akisubiri wamtafute.

Kwa muda mrefu wataalamu wa makuzi ya mtoto walikuwa na maelezo mafupi juu ya jambo hili: kwa kuwa yeye haoni, anadhani hakuna anayeona. Maelezo hayo yalitokana na kazi ya Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1896, ambaye alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwauliza watoto maswali na kuandika majibu yao neno kwa neno. Baadaye Henrike Moll na mwenzake, katika Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani, walilichunguza jambo hilo kwa namna nyingine. Waliwakalisha watoto wadogo mbele ya mtu mzima, naye mtu mzima ndiye aliyefunika macho yake. Watoto wakaulizwa: unaweza kumwona? Wengi walisema hapana, na huku wanamtazama usoni. Alipoziba masikio yake au mdomo wake, walisema hawawezi kumsikia wala kuzungumza naye.

Kwa hiyo yule wa nyuma ya pazia anajua vizuri kwamba ana mwili na kwamba mwili huo unaonekana. Kwake kuonana ni jambo la watu wawili: macho yakikutana, tumeonana, yasipokutana, bado. Ukiukubali mwanzo huo, mengine yote yanafuata bila kosa. Vichekesho vingi vya watoto wa kati ya mwaka mmoja na sita vimejengwa hivyo. Mtoto anafikiri sawasawa, ila anafikiri kwa habari chache alizo nazo. Mzazi anayelijua hilo hacheki kidogo kuliko jirani yake. Anacheka vilevile, kisha anajua la kumjibu mtoto.

Chukua sahani ya usiku. Bugali imeiva, sombe ipo, na ndagala wamekaangwa. Mama anamwekea mkubwa matonge mawili ya bugali, na mdogo tonge moja lenye ukubwa wa yale mawili pamoja. Mdogo anaangalia sahani ya kaka yake, anaangalia ya kwake, analia. Mama haongei kitu. Analichukua tonge lile lile, analigawa katikati mbele ya macho yake, anamrudishia. "Sasa niko na mbili," anasema mtoto, na kilio kimekwisha. Hakuna hata punje ya unga iliyoongezwa.

Mama huyo amefanya jaribio ambalo Piaget alilirudia kwa miaka mingi mjini Geneva. Yeye alimimina maji kutoka bilauri pana kwenda bilauri nyembamba na ndefu, mtoto akitazama, kisha akauliza kama maji yameongezeka. Wa miaka minne au mitano husema yameongezeka, kwa sababu yamepanda juu. Akipanga vitu katika safu mbili zenye idadi moja na kuitawanya safu moja, mtoto huona iliyotawanywa ina vingi zaidi. Mtoto wa umri huo hushika kipimo kimoja, urefu au idadi ya vipande, na kukiacha kingine. Ndagala watano waliotandazwa kwenye sahani ni wengi kuliko watano waliorundikwa, na ukimwambia wahesabu, anahesabu hadi tano mara zote mbili bila kuyumba. Ujanja huu wa mama una muda wake. Kuanzia miaka sita au saba mtoto huanza kukumbuka kwamba hakuna kilichoongezwa, na siku hiyo anayegawiwa tonge lake lile lile atadai haki yake kwa sauti.

Kuna kichekesho kingine kinachopita haraka, na wazazi wengi hawakioni kwa sababu mtoto bado hajui kukisimulia. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anapewa gari la kuchezea, lile ambalo kaka zake wametengeneza kwa kopo la sardini na magurudumu ya kandambili kuukuu. Analisukuma kidogo, kisha anainua mguu na kujaribu kuingia ndani. Anajaribu kweli kweli, na mguu usipoingia anakasirika. Mwaka 2004 Judy DeLoache na wenzake waliandika katika jarida la Science juu ya watoto wa miezi 18 hadi 30 waliofanya hivyo: walijaribu kuketi kwenye kiti cha mwanasesere na kuteleza kwenye mtelezo mdogo sana wa kuchezea. Maelezo yao ni kwamba ubongo hutumia njia moja kutambua kitu ni nini na njia nyingine kupima ukubwa wake ili mwili utende. Kwa mtoto mdogo njia hizo mbili bado hazijazoea kwenda pamoja. Ya kwanza inasema "hili ni gari," na mguu unaondoka kabla ya ile ya pili kusema chochote.

Lakini hakuna kinachowachekesha watu wazima, na wakati mwingine kuwaaibisha, kuliko kuigwa. Binti wa miaka mitatu anashika ndala, anaiweka sikioni, anapaza sauti: "Alo! Alo! Rezo haiko!" Kisha anatoka uani, anapanda juu ya jiwe, anaelekeza uso upande wa ziwa na kuendelea na mazungumzo, kwa sababu ndivyo baba afanyavyo simu isiposhika. Ndala haihitaji mtandao, na jiwe halitaiongezea nguvu. Binti huyo huyo atapepea mbabula isiyo na makaa kwa kifuniko cha sufuria, atafunga gunzi la mahindi mgongoni kwa kipande cha kitenge na kulibembeleza lilale. Aliyeanza maternele atawapanga wadogo zake ukutani, na kuku pamoja nao, kisha atawafundisha kwa sauti zenye mwendo wote wa Kifaransa na bila neno hata moja la Kifaransa.

Kwa nini mtoto haigi lile la maana tu na kuacha yaliyobaki? Jibu moja zuri lilipatikana Afrika Mashariki. Victoria Horner na Andrew Whiten walichapisha mwaka 2005 jaribio walilolifanya kwa sokwe wachanga wa kisiwa cha Ngamba, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, na kwa watoto wa miaka mitatu na minne huko Uskoti. Wote walionyeshwa namna ya kutoa zawadi kwenye sanduku, na ndani ya maonyesho hayo kulikuwa na hatua zisizo na kazi yoyote. Sanduku lilipokuwa la kuonyesha ndani, sokwe waliona wazi kwamba hatua hizo ni za bure, wakaziruka, wakachukua zawadi. Watoto wa binadamu walizirudia zote, moja baada ya nyingine.

Ukisikia hivyo haraka unaweza kudhani sokwe ndiye mwenye akili. Fikiria basi namna mihogo mikali inavyoandaliwa. Anayeiloweka kwa siku kadhaa na kuianika anaondoa sumu ambayo haioni, na hakuna mtoto anayeweza kugundua kwa kutazama tu ni hatua ipi inayoiondoa. Anayeiga kila kitu atakula salama. Anayeruka hatua kwa sababu haoni faida yake anaweza kuugua. Binti aliyepanda juu ya jiwe na ndala yake anatumia akili ile ile iliyomwezesha bibi yake kujifunza kuandaa mihogo kutoka kwa mama yake.

Sasa uje uongo, na hapa makala hii inawaomba wazazi wasimame kidogo kabla ya kunyoosha mkono.

Sukari imepungua kwenye kopo. Mtoto wa miaka minne anaulizwa nani ameila. Punje zake zinang'aa midomoni na hadi shavuni, na jibu lake ni "Paka." Anaulizwa paka amefunguaje kopo. Anafikiri kidogo: "Ameniambia nimufungulie." Michael Lewis na wenzake waliwajaribu watoto wa miaka mitatu nchini Marekani mwaka 1989. Waliwaacha peke yao chumbani na kichezeo nyuma yao, wakawakataza kugeuka. Wengi mno waligeuka, na walipoulizwa, baadhi walikana kabisa. Katika majaribio ya baadaye Victoria Talwar na Kang Lee walionyesha kwamba watoto wa umri huo hukana vizuri, lakini hawajui kuulinda uongo wao. Anasema hakuchungulia, na ukimuuliza nyuma yake kuna nini, anakutajia jina la kichezeo.

Ili useme uongo lazima kwanza ujue kwamba kichwa cha mwenzako hakina habari zilizo kichwani mwako. Ni hatua kubwa, na watoto wengi wa miaka miwili bado hawajaifikia. Ndiyo maana mtoto anayetoa uongo wake wa kwanza, tena mbovu kama ule wa paka, amekua akili jana au juzi. Hilo halimaanishi anyamaziwe. Talwar na Lee waliwahi kulinganisha, kwa jaribio la namna hiyo hiyo, shule mbili za Afrika Magharibi zenye watoto wa miaka mitatu na minne: moja watoto walichapwa kwa makosa yao, nyingine walikemewa au kutengwa kwa muda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Katika shule ya fimbo karibu wote waliochungulia walidanganya, na waliulinda uongo wao vizuri zaidi. Katika ile nyingine waliodanganya walikuwa takriban nusu. Fimbo iliwafundisha watoto hao kudanganya kwa ustadi kabla ya wakati wake. Mzazi aliyetaka ukweli anapaswa kulijua hilo, na kumwambia mtoto wa sukari kwa utulivu: futa mdomo, na kesho uombe.

Baada ya uongo huja maswali, na hapo nyumba nyingi za Kivu huchoka upesi. Kwa nini maji ya ziwa hayaishi? Kwa nini mwezi unatufuata? Piaget aliyakuta maswali ya namna hiyo Geneva pia. Watoto wengi wadogo huamini mwezi unatembea nao, na kwa yule anayeishi kando ya Ziwa Tanganyika kuna ushahidi zaidi kwamba mwezi una nia yake: usiku wa mbalamwezi taa za wavuvi wa ndagala hazionekani majini, kwa sababu samaki hawavutwi na taa kunapokuwa na mwanga wa mwezi. Mtoto anayesema mwezi umewafukuza wavuvi ameliona jambo la kweli. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipopanda na kuingia katika nyumba za pwani, Uvira na ng'ambo Bujumbura, swali la kwamba ziwa litarudi kwao lini lilikuwa la kawaida kabisa kwa akili ya miaka minne, inayokipa kila kinachotembea nia na kwao. Muulize milima inayopanda kuelekea Mulenge ni ya nini, naye anaweza kukujibu kwamba ipo ili ng'ombe waone ziwa. Deborah Kelemen alipata majibu ya aina hiyo kwa watoto wa Marekani: mawe yana ncha ili wanyama wasiyakalie.

Ila kuna tofauti moja inayofaa kututia wasiwasi. Mary Gauvain na wenzake walichapisha mwaka 2013 uchambuzi wa maneno ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano katika jamii nne, mojawapo ikiwa ya Walogoli wa Kenya. Watoto wa jamii hizo waliuliza maswali kama wengine wote, lakini "kwa nini" zilikuwa chache sana, chini ya asilimia 5 ya maswali yao, ilhali kwa watoto wa Marekani waliochunguzwa zilikuwa zaidi ya asilimia 20. Heshima kwa mkubwa ina sehemu yake katika hilo. Mtoto anayemuuliza baba sababu ya amri huonekana anabishana.

Lakini mila zetu zenyewe zina mlango ulio wazi. A. R. Radcliffe-Brown, aliyeandika juu ya utani wa Kiafrika mwaka 1940, alitaja babu na wajukuu miongoni mwa watu wanaoruhusiwa kutaniana. Katika familia nyingi za huku bibi humwita mjukuu wake wa kiume "bwana yangu", na mtoto wa miaka minne hulichukua neno hilo kwa uzito wote: anamzuia babu asiketi karibu na "mke" wake, anadai kupewa kichwa cha mkeke, anauliza mahari ililipwa ng'ombe wangapi na nani aliwaleta. Kwa bibi anauliza kwa nini mara kumi, na mara kumi anajibiwa. Mzazi aliyechoka atafanya vizuri kumpeleka huko mara nyingi.

Bibi huyo huyo ana kopo la maziwa ya unga lenye sindano na nyuzi. Mtoto wa miaka mitatu analifungua akitegemea maziwa, anakuta nyuzi, anashangaa. Ukimuuliza hapo hapo, "Kabla hujafungua ulidhani mna nini?" atajibu bila kusita, "Nyuzi." Alison Gopnik na Janet Astington walilithibitisha hilo mwaka 1988 kwa sanduku la peremende lililotiwa penseli: wengi wa watoto wa miaka mitatu hawakumbuki kwamba muda mfupi uliopita waliamini kitu kingine. Wa miaka mitano wengi hukumbuka. Ndiyo maana dada mtu, aliyetimiza miaka mitano mwezi uliopita, anacheka mpaka anakaa chini, anamweleza mdogo wake kwamba alidhani ni maziwa, na anaapa kwamba yeye hakuwahi kudanganyika na lile kopo.