Fahamu: Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza NBA

Juni 2009, Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem Thabeet wa pili katika usajili wa vijana wa NBA, nyuma ya Blake Griffin. Miongoni mwa waliomfuata ni James Harden, aliyechukuliwa wa tatu, na Stephen Curry, wa saba, ambao baadaye wakawa nyota wakubwa. Majina hayo mawili ndiyo yaliyomponza: orodha nyingi za waliochaguliwa vibaya humtaja yeye.

Kijana huyu wa Dar es Salaam, mzaliwa wa 1987, alianza kikapu akiwa ameshabalehe. Akiwa na futi 7 na inchi 3, alitamba Chuo Kikuu cha Connecticut na kuwa mlinzi bora wa ligi ya Big East mara mbili, 2008 na 2009.

Kwa nini hakung'ara NBA? Sehemu ya jibu imo kwenye kanuni. Chuoni, mlinzi anaweza kujikita chini ya goli muda wote akisubiri kuzuia mitupo. NBA humruhusu sekunde tatu tu eneo hilo iwapo hamkabi mtu kwa karibu, kisha lazima atoke. Kwa mwili mkubwa na miguu mizito, hapo ndipo kazi ilipoanza. Msimu wa kwanza tu, Memphis walimshusha kwa muda ligi ya chini.

Baadaye alipitia Houston, Portland na Oklahoma City, kisha akacheza Japani na Taiwan. Kumwita aliyefeli, kwa maoni yangu, ni kumwonea: hadi jina lake lilipoitwa usiku wa usajili, hakuna Mtanzania aliyekuwa amewahi kufika NBA.