Njia ya misafara ya Tabora na majaribio yaliyookoa macho ya watoto

Msafara wa Waingereza Richard Burton na John Speke uliingia Kazeh, mahali ambapo leo ni sehemu ya Tabora, Novemba 7, 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe waliwapokea kwa ukarimu. Walipumzika hapo zaidi ya mwezi mmoja, kisha wakaendelea magharibi kuelekea Ujiji.

Februari 13, 1858 msafara huo ulifika juu ya kilima ambacho chini yake lilitandaa Ziwa Tanganyika. Burton alikuwa hawezi kutembea kwa maradhi ya miguu. Speke naye alikuwa karibu kipofu. Macho yake yaliyovimba hayakuona ila mng'ao na ukungu. Miezi michache baadaye, waliporudi Kazeh na macho yake kupata nafuu, alielekea kaskazini peke yake na Agosti 3 mwaka huohuo akaliona ziwa aliloliita Victoria. Ugomvi wa wawili hao juu ya chanzo cha mto Nile ulianzia hapo.

Macho mabovu hayakuwa jambo geni katika njia hiyo. Vumbi, nzi na uhaba wa maji viliwakabili wapagazi na wenyeji kwa pamoja. Lakini njia hiyohiyo, ambayo reli ya kati iliifuata kwa sehemu kubwa hadi kufika Tabora mwaka 1912, baadaye ilikuja kuwa mahali pa majaribio ya kitabibu yaliyobadili namna magonjwa ya macho yanavyotibiwa duniani. Abiria wa treni kutoka Dar es Salaam kwenda Tabora hupita jirani na baadhi ya maeneo hayo.

Jaribio lililo muhimu kuliko yote, pengine kwa sababu lilihusu uhai na si macho pekee, lilifanyika Mvumi, kusini-mashariki ya mji wa Dodoma. Mvumi ilikuwa kituo cha misafara katika nchi ya Ugogo kabla ya kuwa na hospitali ya misheni. Katika miaka ya 1980 madaktari waliokuwa wakitibu macho hapo walikuwa na swali lililowasumbua: kwa nini watoto wengi wanaougua surua hupofuka?

Surua, ambayo Wakenya huiita ukambi, hufahamika kwa vipele na homa. Kisichofahamika sana ni kwamba virusi vyake hushambulia pia utando wa jicho, na wakati huohuo humaliza akiba ya vitamini A mwilini. Mtoto aliyekuwa na akiba ndogo tangu mwanzo hubaki mtupu. Bila vitamini hiyo konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, hukauka, hulainika na kutoboka. Yote hayo yanaweza kutokea kwa siku chache tu, mara nyingi katika macho yote mawili.

Uchunguzi wa Allen Foster na Alfred Sommer, uliochapishwa mwaka 1987, uliwafuatilia watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda vya konea. Asilimia 37 kati yao walikuwa wametoka kuugua surua. Katika kundi hilo la surua, nusu ya vidonda vilitokana na upungufu wa vitamini A, na sehemu nyingine ilisababishwa na virusi vya malengelenge. Asilimia 17 walikuwa wameumizwa na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni na watu waliotaka kuwasaidia. Takwimu hiyo ya mwisho inauma. Mzazi anayekamulia majani katika jicho la mwanawe hafanyi hivyo kwa uzembe. Hufanya kwa sababu zahanati iko mbali na mtoto analia.

Kutoka hapo lilizuka swali la pili. Ikiwa vitamini A inaokoa jicho, je, inamwokoa na mtoto mwenyewe? Andrew Barclay pamoja na Foster na Sommer waliwagawa kwa bahati nasibu watoto 180 waliolazwa kwa surua. Watoto 92 walipata matibabu ya kawaida. Wengine 88 walipata matibabu hayohayo pamoja na vitamini A ya yuniti 200,000 kwa mdomo siku ya kwanza, na kiasi hichohicho siku ya pili.

Kugawa kwa bahati nasibu ndiyo roho ya utafiti wa aina hii. Daktari akiachiwa kuchagua nani apewe dawa, huenda bila kukusudia akawapa wale wanaoonekana wana nafuu, au kinyume chake akawapa waliozidiwa, na mwisho wake hakuna awezaye kusema kilichosaidia ni dawa au ni uchaguzi. Bahati nasibu huyafanya makundi yafanane. Wala kundi la kulinganishia halikunyimwa tiba iliyokuwa ikijulikana, kwani wakati ule hakuna aliyekuwa na hakika ya jibu.

Katika kundi la kawaida walikufa watoto 12. Katika kundi la vitamini walikufa 6. Tofauti ilionekana zaidi kwa walio chini ya miaka miwili: vifo 7 upande mmoja, kimoja upande wa pili. Ni hesabu ndogo, na wakosoaji walikuwa na haki ya kutaka ushahidi zaidi. Ulikuja mwaka 1990 kutoka Cape Town, Afrika Kusini, ambako kati ya watoto 92 waliopewa vitamini A walikufa wawili, na kati ya 97 ambao hawakupewa walikufa kumi.

La kushangaza ni kwamba London ilikwishaliona jambo hilo zamani. Mwaka 1932 daktari Ellison aliwapa vitamini A nusu ya watoto 600 waliolazwa kwa surua, na vifo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Matokeo hayo yalichapishwa, kisha yakasahauliwa kwa miaka 50 na zaidi.

Tangu mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yamehimiza vitamini A itumike kutibu surua penye upungufu. Leo mtoto wa mwaka mmoja na zaidi anayeugua surua hupaswa kupewa yuniti 200,000 kwa siku mbili mfululizo, na aliye chini ya umri huo hupewa kiasi kidogo zaidi. Akiwa na dalili machoni, hupewa dozi ya tatu baada ya wiki kadhaa. Mzazi wa Tabora au Nzega anayo haki ya kuuliza kama mwanawe amekwisha kupewa matone hayo. Chanjo ya surua nayo huzuia janga lote hilo lisianze.

Chakula kina nafasi yake. Miembe ambayo Tabora na Ujiji zinasifika kwayo, na ambayo simulizi huihusisha na misafara, huzaa tunda lenye asili ya vitamini A, ila kwa msimu. Mawese mekundu ya Kigoma, yanayopanda treni kuja mashariki, yana utajiri mkubwa zaidi wa kirutubisho hicho. Mafuta meupe ya dukani hayana, isipokuwa yale yaliyoongezewa kiwandani.

Ugonjwa wa pili wa njia hii ni vikope, au trakoma. Huletwa na bakteria wanaosambazwa kwa vidole, vitambaa na nzi kutoka uso wa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Maambukizi yakirudiarudia kwa miaka, ukope hupata kovu na kujikunja kwa ndani, na nywele zake hukwaruza konea kila mtu anapopepesa. Wanawake hupata madhara zaidi kuliko wanaume kwa kuwa ndio wanaolea watoto wadogo.

Wilaya ya Kongwa, mashariki ya Dodoma, ndiyo iliyochunguzwa kuliko nyingi. Kundi la Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani lilichapisha mwaka 1995 jaribio lililohusu vijiji sita. Vyote vilipewa dawa ya kupaka ya tetrasaiklini. Vitatu viliongezewa elimu ya kuosha nyuso. Mwaka mmoja baadaye, uwezekano wa mtoto kukutwa na vikope vikali katika vijiji vilivyoelimishwa ulikuwa mdogo kwa zaidi ya theluthi moja. Katika nchi ambako misafara ilitozwa hongo ndipo iruhusiwe kupita na kuteka maji, kuwashawishi wanakijiji kwamba kopo moja la maji linatosha nyuso kadhaa hakukuwa kazi nyepesi.

Kisha ikaja dawa ya kumeza, azithromaisini, dozi moja badala ya wiki sita za kupaka. Huko Kahe Mpya, wilayani Rombo, karibu wakazi wote walipewa dawa hiyo, na maambukizi yakashuka kutoka asilimia 9.5 hadi 0.1 baada ya miaka miwili, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2004. Kongwa haikuwa na bahati hiyo. Katika kijiji cha Maindi, ambako ugonjwa ulikuwa umekithiri, maambukizi yalishuka sana lakini hayakuisha, na ugawaji ukalazimika kurudiwa.

Watafiti walijaribu pia kupulizia dawa ya nzi baada ya kugawa azithromaisini. Matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha kuwa upulizaji haukuongeza faida yoyote. Jibu la namna hiyo halipambi vichwa vya habari, lakini liliepusha fedha nyingi kupotea. Wilaya nyingi za Tanzania zimekwisha kuacha ugawaji wa dawa baada ya vikope kupungua, na lengo la dunia la kuutokomeza kama tatizo la afya ya jamii limesogezwa kutoka mwaka 2020 hadi 2030.

Azithromaisini imezusha mjadala mpya. Jaribio kubwa la Niger, Malawi na Kilosa nchini Tanzania, lililochapishwa mwaka 2018, liliwapa dawa hiyo watoto wadogo mara mbili kwa mwaka, safari hii kwa kupima vifo. Kwa jumla vifo vilipungua kwa asilimia 13.5, lakini punguzo kubwa lilikuwa Niger. Kilosa lilikuwa dogo mno kuthibitika. Hofu ya wataalamu ni usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Kwa sababu hiyo, mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilikubali itumike kwa watoto wa mwezi 1 hadi 11 tu, katika maeneo ambako vifo vya walio chini ya miaka mitano vinazidi 80 kwa kila 1,000. Tanzania, yenye vifo 43 kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2022, haimo katika kiwango hicho.