Jicho likizima ghafla: je, chumba cha oksijeni husaidia?

Baadhi yenu mmetuuliza kama ni kweli kuna chumba ambacho mgonjwa wa macho huingia, akavuta oksijeni na kutoka anaona. Chumba hicho kipo. Ila hakitibu kila ugonjwa wa macho, na aliyechelewa hakimsaidii sana.

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Huu hupokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Retina inahitaji oksijeni nyingi, nayo hulishwa na damu kwa njia mbili. Upande wa ndani hulishwa na mshipa mkuu wa retina. Upande wa nyuma hulishwa na tabaka la mishipa midogo lililoshikana nao.

Mshipa mkuu ukizibwa, mara nyingi na damu iliyoganda au mafuta yaliyobanduka kwenye mshipa wa shingo, jicho moja huzima ghafla bila maumivu. Hiki ni kiharusi cha jicho. Katika majaribio ya nyani, mshipa ulipozibwa kabisa kwa saa 4, retina iliharibika vibaya bila kupona.

Ndani ya chumba, shinikizo la hewa hupandishwa mara 2 hadi 2.5 ya kawaida, sawa na mzamiaji aliye mita 10 hadi 15 chini ya bahari. Mgonjwa huvuta oksijeni tupu, wakati hewa ya kawaida ina asilimia 21 tu. Oksijeni nyingi huyeyuka kwenye maji ya damu, na ile njia ya nyuma isiyoziba huifikisha hata upande uliokosa. Chumba hakizibui mshipa. Huiweka retina hai wakati mshipa unasubiriwa kufunguka.

Madaktari wanaotumia tiba hii husisitiza kuianza ndani ya saa 24, na mapema zaidi ni bora. Hata hivyo si wote wanaorudishiwa uoni. Yapo pia madhara: masikio kuuma, macho kuona mbali kwa shida kwa muda, na mara chache degedege.

Kwa retina iliyoharibiwa na kisukari, tiba inayojulikana ni kudhibiti sukari, mionzi ya leza na sindano za jicho. Presha ya macho nayo ina dawa zake na upasuaji. Atakayekuambia uuze mbuzi ulipie oksijeni kwa magonjwa hayo, muulize kwanza daktari wa macho.

Vyumba hivi ni vichache na viko mbali na wengi wetu. Kwa hiyo jicho likizima ghafla, hata likirudi kuona baada ya dakika chache, usisubiri kesho wala usitie dawa ya majani. Nenda hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo, useme lilizima saa ngapi. Wapime presha, sukari na moyo, maana kiharusi cha jicho kinaweza kufuatwa na cha ubongo.