Vyama vya Dini na vya Huruma katika Chuo cha Wasichana

Watu wengi wasikiapo habari za chama cha dini shuleni hudhani kwamba ni mahali pa kuimba na kusali tu. Wengine hudhani ni kimbilio la wanafunzi wasiojua kucheza mpira. Katika makala hii nataka kueleza jinsi vyama vya namna hiyo vilivyoanza, jinsi vinavyoendeshwa, na mambo yaliyotokea katika chuo kimoja cha wasichana Wakatoliki huko Marekani. Nimekichagua chuo hicho kwa sababu wanafunzi wake walikutana na swali gumu ambalo hata sisi hapa latuhusu: Je, yatosha kumpa mtu sadaka, na huku hatutaki aketi nasi darasani?

Kwanza tutazame asili ya vyama vyenyewe. Mwaka 1563 padre mmoja Myesuiti, jina lake Jean Leunis, aliwakusanya wanafunzi wa chuo cha Wayesuiti mjini Roma, wakaunda chama cha kumheshimu Bikira Maria. Kila mwanachama aliahidi kusali, kujitahidi katika masomo na kuwasaidia wenye shida. Mwaka 1584 Papa Gregory XIII alikithibitisha chama hicho, nacho kikaenea katika shule nyingi. Hapo mwanzo kilikuwa cha wanaume. Wanawake walipata ruhusa ya kuwa na vyama vyao mwaka 1751, wakati wa Papa Benedict XIV. Baada ya hapo ilikuwa shida kuikuta shule kubwa ya masista isiyo na chama cha namna hiyo.

Chama cha pili chatoka Ufaransa. Mwaka 1833 kijana Frédéric Ozanam alikuwa akisoma mjini Paris. Katika mijadala yao, wanafunzi wasioamini walimwuliza yeye na wenzake: Kanisa lenu lawafanyia nini maskini siku hizi? Swali hilo liliwachoma. Tarehe 23 Aprili mwaka huo, siku Ozanam alipotimiza miaka 20, vijana wachache walikutana na kuanzisha chama cha huruma, ambacho baadaye kiliitwa kwa jina la Mtakatifu Vincent de Paul. Lakini nia njema peke yake haijui njia. Ilibidi wamwendee mtawa mmoja, Sista Rosalie Rendu, aliyeujua vizuri mtaa wa maskini. Yeye ndiye aliyewaonyesha nyumba za kwenda, akawapa vyeti vya kupatia mkate na makaa, na akawafundisha namna ya kuingia katika nyumba ya mtu fukara bila ya kumvunjia heshima. Ozanam alifariki mwaka 1853, akatangazwa Mwenye Heri mwaka 1997. Sista Rosalie naye alitangazwa mwaka 2003.

Chama cha tatu ni Legio ya Maria, kilichoanzishwa na Frank Duff mjini Dublin, nchi ya Ireland, mwaka 1921. Wanachama wake wa kwanza wengi walikuwa wanawake vijana, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwatembelea wagonjwa hospitalini. Chama hiki kililetwa kwetu Afrika ya Mashariki na msichana mmoja, Edel Quinn. Alifika mwaka 1936, ingawa alikuwa na ugonjwa wa kifua kikuu, akasafiri Kenya, Uganda, Tanganyika na nchi nyingine akianzisha matawi. Alifariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944, naye hajatimiza miaka 37. Kaburi lake liko huko huko Nairobi.

Sasa, vyama hivi huendeshwaje? Utaratibu wake wafanana na wa vyama vyetu. Wapo mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na yupo padre au sista wa kuwashauri. Lakini kuna mambo mawili yanayofaa kuangaliwa. Jambo la kwanza, mwanachama haendi kazini peke yake. Huenda wawili wawili, ili mmoja amsaidie mwenzake na pasiwe na maneno. Jambo la pili, katika mkutano wa kila juma wa Legio kila mtu hueleza kazi aliyoifanya. Hapo mvivu hana pa kujificha. Tena vyama havifanani katika kutoa. Watu wa Vincent de Paul huenda na chakula, nguo au fedha. Watu wa Legio, kwa kanuni yao, hawagawi vitu. Huenda kumwona mtu, kumsikiliza na kusali naye. Msomaji aweza kuuliza ipi ni bora. Mimi naona mgonjwa wa njaa ahitaji mkate, na mgonjwa wa upweke ahitaji mgeni, na mara nyingi mtu mmoja huwa na magonjwa yote mawili.

Basi twende kwenye chuo nilichokitaja. Chuo cha Manhattanville kilianza kama shule ya wasichana katika mji wa New York mwaka 1841, chini ya Masista wa Moyo Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1800 na Madeleine Sophie Barat. Mwaka 1917 kilipata hati ya kuwa chuo cha kutoa digrii. Hadi mwaka 1952 majengo yake yalikuwa karibu na Harlem, mtaa mashuhuri wa Wamarekani weusi. Wasichana wake wengi walitoka katika nyumba zenye uwezo. Majirani zao weusi walikuwa hatua chache tu kutoka langoni, lakini darasani hakuwamo hata mmoja.

Mwaka 1933 wanafunzi hao waliandika maazimio manane juu ya namna ya kuishi na watu weusi. Mambo yake yalikuwa ya kila siku. Waliahidi kuwatendea kwa adabu, na kutowaita kwa majina ya dharau. Waliahidi kukumbuka kwamba watu hao ni viungo vya mwili ule ule wa Kristo. Waliahidi kutoa sadaka kwa ajili ya wamisionari waliofanya kazi kati yao, na mwisho wakaahidi kushiriki wenyewe katika kazi ya kuinua hali zao. Kwa nchi iliyokuwa na ubaguzi wakati ule, hayo yalikuwa maneno mazito.

Lakini ahadi ni deni. Ikiwa huyu ni kiungo cha mwili mmoja nami, kwa nini asisome nami? Swali hilo lilijibiwa mwaka 1938, chuo kilipomkubali msichana wa kwanza mweusi. Baadhi ya wanawake waliosoma hapo zamani walikasirika na kupinga. Mkuu wa chuo, Mama Grace Dammann, hakurudi nyuma. Tarehe 31 Mei 1938 alitoa hotuba mbele ya hadhara akieleza kwamba kanuni za imani zapasa kushinda chuki, na kwamba chuo cha Kikatoliki hakiwezi kufundisha jambo moja na kutenda jingine. Msichana yule alibaki katika hesabu ya wanafunzi. Chuo chenyewe kilianza kupokea wavulana mwaka 1971.

Habari hii yatufaa nini sisi? Katika shule za serikali za Tanzania wanafunzi Wakatoliki wana TYCS, wale wa Kiprotestanti wana UKWATA, na Waislamu wana TAMSYA. Dini ni mbalimbali, lakini kazi za huruma zafanana: kufagia hospitali, kuwatembelea wazee, kukusanya nguo na sabuni. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli, na hata mwanafunzi asiye na kitu aweza kutoa jasho lake.

Hata hivyo kutoa kwa mtu wa mbali ni rahisi kuliko kumheshimu mtu wa karibu. Twaweza kupeleka sabuni hospitali siku ya Jumamosi, na Jumatatu tukamcheka mwenzetu bwenini kwa sababu shati lake lina kiraka, au kwa sababu hana mtu wa kumtembelea siku ya wazazi. Kwa hiyo naviomba vyama vyote vya shule yetu, katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao, kabla ya kupanga safari ya kwenda mjini, vijiulize: Ni nani hapa hapa shuleni ambaye hakuna anayependa kuketi naye mezani? Tukimpata huyo, tuanze naye.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne