Panya mgonjwa ana somo kwa shule zetu

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo, aghalabu hutajwa katika kipindi cha Kiswahili, ina ushahidi wake katika Biolojia pia.

Mnamo mwaka wa 1949, katika maabara ya Oak Ridge nchini Marekani, baadhi ya panya madume walizaliwa na ngozi yenye magamba, wengu na tezi zikiwa zimevimba. Waliishi wiki chache tu. Majike waliobeba kasoro hiyo hawakuugua, kwani jike ana kromosomu mbili za X, na iliyo nzima huifidia yenye dosari.

Uzao huo ulihifadhiwa miaka na mikaka. Katika miaka ya tisini ilibainika kuwa seli T za panya hao, ambazo ni askari wa mwili, zilikuwa zikiushambulia mwili wenyewe. Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakaisaka jeni iliyoharibika. Walibakiwa na jeni 20 za kushukiwa, wakazipekua moja baada ya nyingine; ya mwisho ndiyo iliyokuwa na dosari. Wakaitangaza mwaka wa 2001 kwa jina Foxp3, na kuonyesha kwamba kuharibika kwake kwa binadamu huzua ugonjwa hatari wa watoto uitwao IPEX.

Mwaka wa 1995, Shimon Sakaguchi wa Japani alikuwa ameeleza kuhusu seli T zinazowazuia askari wenzao kuvuka mipaka. Mwaka wa 2003 ilithibitika kwamba Foxp3 ndiyo inayoongoza ukuaji wa seli hizo. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 2025.

Je, hayo yanatuhusu nini? Mwanafunzi wetu akielezwa jambo geni, huuliza kwanza iwapo litatahiniwa. Mwalimu naye, akiandamwa na silabasi, hulipuuza. Lau watafiti wa Oak Ridge wangeuliza swali kama hilo, panya wale wangalitupwa jalalani, na jibu lililopatikana miaka 52 baadaye lingalipotea pamoja nao.

Mtihani una siku yake, elimu haina. Mwalimu anayemwachia mwanafunzi nafasi ya kuuliza swali lisilo na alama hapotezi kipindi. Huenda ndicho kipindi pekee kitakachokumbukwa.