Kiingereza Kinapoachana na Kiswahili: Sarufi na Msamiati kwa Anayejifunza

Makosa mengi ya mzungumzaji wa Kiswahili anapoandika Kiingereza yana mpangilio. Hayaji ovyo, wala si dalili ya uzembe. Yanafuata kanuni, ila kanuni zenyewe ni za Kiswahili. Anayeandika “My father he is coming” amezoea lugha ambayo kitenzi kwa kawaida hakikamiliki bila kiambishi cha nafsi: katika “baba anakuja”, ile a- hubaki mahali pake hata kama baba ameshatajwa, na mwandishi akitafuta pa kuiweka katika Kiingereza hupata “he”. Anayeandika “the book which I bought it” ametafsiri “kitabu nilichokinunua” kiambishi kwa kiambishi, hadi -ki- ya mtendwa ikageuka kuwa “it”.

Hapa ndipo vitabu vya sarufi, hata vilivyo bora, humwacha mwanafunzi njiani. English Grammar in Use cha Raymond Murphy, kilichotolewa na Cambridge kwa mara ya kwanza mwaka 1985, ni kitabu kizuri mno, lakini kimeandikwa kwa ajili ya watu wa lugha zote. Hakiwezi kumwambia msomaji wa Tanga au Kisumu ni kurasa zipi azikeshee na zipi azipitie haraka. Kazi hiyo ya kuchagua humwangukia mwanafunzi mwenyewe, na kipimo chake ni lugha aliyokua nayo.

Sehemu inayostahili mkesha kuliko zote ni njeo, hasa kiambishi -me-. Darasani hufundishwa kwamba -me- ni sawa na “have” na kitenzi chake, na kwa “nimekula” jibu “I have eaten” ni sahihi kabisa. Lakini -me- hubeba mengi kuliko hayo. “Nimechoka” ni “I am tired”. “Mtoto amelala” ni “The child is asleep”. “Wamesimama mlangoni” ni “They are standing at the door”, na “amevaa koti” ni “He is wearing a coat”. Kiswahili huitazama hali kama matokeo ya tendo lililokwisha kutendeka: mtu akishasimama, amesimama, na ataendelea kuwa amesimama mpaka akae. Kiingereza huitazama hali yenyewe jinsi ilivyo sasa, ndiyo maana huchukua “am”, “is” na “are”. Anayetafsiri kila -me- kwa “have” ataandika “They have stood at the door” na msomaji wake atashindwa kujua kama watu hao bado wapo pale.

Kuna pia “nimefika jana”, maneno yanayosikika kila siku bila mtu kushtuka. Kiingereza hakiyakubali. Ukishatajwa wakati uliopita na kufungwa, kwa neno kama “yesterday”, “last year” au “in 2019”, “have” huondoka na sentensi huwa “I arrived yesterday”. Upande wa pili mambo hugeuka. “Ninaishi Morogoro tangu 2015” ina -na-, kwa kuwa mtu huyo bado anaishi huko, na wengi huandika “I am living in Morogoro since 2015”. Kiingereza hapa hudai “I have lived” au “I have been living”, kwa sababu jambo lilianza zamani na limefika hadi leo. Kwa hiyo “have” hukosekana pale Kiswahili kinaposema -me-, na hutakiwa pale kinaposema -na-. Zoezi lenye faida kubwa ni kuchukua gazeti la Kiswahili, kukusanya sentensi ishirini zenye -me-, na kuuliza kila moja maswali mawili: je, inataja tendo lililokwisha au hali iliyopo? Je, wakati wake umetajwa? Majibu ndiyo huamua umbo la Kiingereza. Umbo la -ja- halina taabu hiyo, kwani “hajafika” na “he has not arrived yet” hukaribiana sana.

Kiambishi -na- nacho kina mtego wake. Kinatumika kwa “ninaandika” na kwa “ninajua” bila tofauti, lakini Kiingereza huvitenga vitenzi vya kujua, kutaka, kuamini na kumiliki, ambavyo kwa kawaida havichukui “-ing”. “I am knowing him” na “I am having two children” zimetoka moja kwa moja kwenye -na- hiyo.

Maneno madogo “a” na “the” huwatesa hata walimu. Husemwa kwamba Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo. Maneno hayo hakina, ni kweli, lakini wazo lenyewe kinalo. “Nilisoma kitabu” na “nilikisoma kitabu” hazisemi jambo moja: katika ya pili, msikilizaji anajua tayari ni kitabu kipi. Ya kwanza ni “I read a book”, ya pili ni “I read the book”. Mtu anayesita kati ya “a” na “the” anaweza kuigeuza sentensi yake kwa Kiswahili na kuona kama kiambishi cha mtendwa kingekaa vizuri. Kipimo hiki hufaa kwa vitu. Kwa watu na wanyama hakisaidii, maana -m- na -wa- hutokea karibu kila mara. Hapo hutumika kipimo cha ngano. Hadithi huanza na “palikuwa na mfalme mmoja”, kisha huendelea na “yule mfalme”. Yule “mmoja” ni “a”, na “yule” anayetangulia jina ni “the”. Pasipokuwa na kitu mahususi, kama katika “maji ni uhai”, Kiingereza huacha nafasi tupu: “Water is life.”

Mengine ni madogo na hurekebishika kwa mazoea. Kiswahili hakitofautishi “he” na “she”, kwa hiyo ulimi huteleza hata kwa mtu anayeijua kanuni. Kiingereza huweka alama ya nafsi ya tatu mwishoni mwa kitenzi, “she works”, ilhali Kiswahili huiweka mwanzoni, na jicho lililozoea mwanzo husahau mwisho. Akiulizwa “Huendi?”, Mswahili hujibu “Ndiyo, siendi”, akiyakubali maneno ya aliyeuliza, lakini kwa Kiingereza jibu hilohilo ni “No, I’m not going”, na “yes” ingeeleweka kwamba anakwenda.

Vihusishi vinahitaji maelezo zaidi kidogo, kwa sababu katika Kiswahili kazi yao mara nyingi hufanywa ndani ya kitenzi. “Alinikimbia” na “alinikimbilia” zimetofautiana kwa silabi moja tu, lakini Kiingereza husema “ran away from me” na “ran to me”. Kauli ya kutendea, kama “pikia”, “andikia” na “nunulia”, hugeuka “cook for”, “write to” na “buy for”. Kauli ya kutendua nayo, kama “vaa” na “vua”, huonekana katika “put on” na “take off”. Kwa hiyo kihusishi hakifai kujifunzwa peke yake. Kinapaswa kuandikwa daftarini pamoja na kitenzi chake, vikihesabiwa kuwa neno moja.

Hilo linafungua mlango wa msamiati. Mwaka 1953 Michael West, aliyekuwa amefundisha Bengal kwa miaka mingi, alichapisha orodha ya maneno ya msingi ya Kiingereza yapatayo 2,000. Maneno hayo hujaza takriban asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand aliongeza orodha ya koo 570 za maneno ya kitaaluma (ukoo ni neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo), yale yanayojirudia katika vitabu vya vyuo vya masomo yote. Mtu wa sekondari au chuo akiwa na orodha hizi mbili ana msingi imara, na ni afadhali azimalize kabla ya kuhangaika na maneno ya nadra. Lakini safari haiishii hapo. Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya au gazeti bila msaada hudai koo 8,000 hadi 9,000, kiwango ambacho msomaji hukutana na maneno mageni mawili tu katika kila mia.

Kujua neno si kujua tafsiri yake tu. Kitenzi “piga” ni ushahidi wa kutosha. Mtu hupiga simu, picha, pasi, mswaki, kura na kelele, na Kiingereza hakina kitenzi kimoja cha kuyabeba yote: “call”, “take a photo”, “iron”, “brush your teeth”, “vote”, “make a noise”. “Sikia” nayo husikia sauti, njaa, baridi na harufu, wakati Kiingereza hugawa kazi hiyo kati ya “hear”, “feel” na “smell”. Mvua kubwa si “big rain” bali “heavy rain”. Kosa hufanywa kwa “make”, lakini mtihani kwa “take” au “do”. Kila neno lina majirani wake, na anayeandika daftarini “rain = mvua” ameacha nusu ya kazi. Anayeandika “heavy rain fell all night” ameimaliza.

Majina yasiyohesabika yako katika fungu hili. Kwa kuwa Kiswahili kina vifaa na mizigo, mtu huandika “equipments” na “luggages”. Habari na ushauri huzaa “informations” na “advices”. Yote manne hayachukui “-s”.

Kamusi ya lugha mbili, kama ile ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na TUKI mwaka 1996, hutoa maana ya kwanza haraka na kwa uhakika. Kwa tabia za neno, kamusi ya wanafunzi ndiyo hutakiwa. A. S. Hornby alikuwa mwalimu wa Kiingereza huko Japani, na kamusi yake iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, kisha ikatolewa na Oxford mwaka 1948, ilibuniwa kwa ajili ya watu wasiozaliwa na Kiingereza. Huonyesha kama jina linahesabika, kitenzi huandamana na nini, na hutoa sentensi za mfano. Sentensi hizo ndizo za kunakili.

Kuhusu kukumbuka, Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba usahaulifu huwa wa kasi mwanzoni kisha hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hushinda marudio ya mfululizo. Maneno kumi yakirudiwa leo, kesho, baada ya siku nne na baada ya wiki mbili, hukaa kuliko maneno mia yaliyokaririwa usiku wa kuamkia mtihani.

Njia inayounganisha sarufi na msamiati ni ya kale. Roger Ascham, aliyemfundisha Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, aliieleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1570, akizungumzia Kilatini: mwanafunzi atafsiri kifungu kwa lugha yake, afunge kitabu, na baada ya muda akirudishe katika Kilatini na kulinganisha na cha asili. Kwa Mswahili nyenzo ipo tayari. Animal Farm ya George Orwell, iliyotoka mwaka 1945 kwa Kiingereza kilicho wazi, ilitafsiriwa na Fortunatus Kawegere kuwa Shamba la Wanyama mwaka 1967. Aya moja ya Kawegere ikiandikwa upya kwa Kiingereza, kisha ikawekwa kando ya aya ya Orwell, huonyesha kila “the” iliyosahaulika na kila “have” iliyozidi. Kwa kuwa mfasiri hafuati neno kwa neno, tofauti nyingine zitakuwa za mtindo tu na zinaweza kupuuzwa. Makosa halisi huandikwa daftarini kwa mafungu: njeo, “a” na “the”, vihusishi, majirani wa maneno. Baada ya aya kumi, fungu lililojaa kuliko mengine huonyesha sura ya kitabu cha Murphy inayopaswa kufunguliwa kwanza.